Wanga Kwenye Gauni la Hariri

Kabla sijaeleza habari ya gauni lile, niseme kwanza kwamba shule nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza vizuri. Nina madaftari matatu ya zamani yenye vipimo vya nguo za watu, na pembeni ya vipimo nilikuwa naandika maneno mawili matatu ya mambo ya siku ile. Haya ninayoyaeleza nimeyatoa humo. Lakini madaftari yenyewe niliyaandika mimi, kwa hiyo ukiniuliza shahidi wangu ni nani, sina jibu la maana.

Wakati huo nilikuwa na kiti Nachingwea. Nasema kiti kwa sababu cherehani haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenye duka, Mhindi aliyeuza vitambaa, mafuta ya taa na sufuria. Aliiweka barazani, nyuma yake akaweka kiti, na anayekalia kiti kile ndiye fundi. Asiyekikalia ni mkulima. Mimi natoka Mbekenyera, kwetu ni watu wa mihogo na ufuta na mikorosho, na jembe nilikuwa nalijua vizuri kiasi cha kukipenda sana kiti.

Aliyekikalia kabla yangu alifukuzwa kwa kosa moja. Mteja alileta koti litiwe bitana, yeye akaenda nalo harusini Chiola, akacheza nalo, akalirudisha limelegea kama mlenda. Kumbe mwenye koti naye alikuwa harusini. Basi siku nilipokalia kiti, mwenye duka akaniambia:

"Fundi, wewe kosea mshono, mimi nasema fumua. Wewe chelewa, mimi nangoja. Wewe vaa nguo ya mteja, unakwenda."

"Nimesikia, Bwana."

"Siku hiyohiyo."

"Nimesikia."

Ndiyo maana mafundi wa barazani pale tulishika sana desturi ya wanga. Nguo ikiisha kushonwa unaichovya kwenye uji mwepesi wa muhogo, unaianika, unaipiga pasi ya mkaa mpaka inakuwa kama karatasi, halafu unaikunja mikunjo ya kuonekana. Mteja akiikunjua inalia. Mlio ule ndio muhuri wa fundi, kwamba hakuna kiwiliwili kilichopita humu. Nguo laini ilikuwa nguo iliyokwisha kuvaliwa, na fundi aliyekabidhi nguo laini hakuhitaji mtu wa kumshitaki. Alikuwa ameshajishitaki.

Ilikuwa miaka ya karanga. Wazungu walikuwa wamekuja wengi, na matrekta, na minyororo ya kung'olea miti, ili walime karanga mahali ambapo bibi yangu alikuwa akilima karanga kwa jembe la mkono bila kumwambia mtu. Haki ya mtu isemwe: walileta kazi. Nilishona kaptura za kaki za madereva mpaka nikawa naziota. Karanga zenyewe sikuziona nyingi, lakini mimi nilikuwa barazani, sikuwa shambani. Huenda zilipita nyuma yangu.

Siku moja akaja mke wa mmoja wa wakubwa wa matrekta, na mpishi wake nyuma, amebeba gauni kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mwenye homa. Mpishi huyu alikuwa mtu wa Ruangwa na alikuwa mtani wangu, hatukuwahi kuonana bila kutukanana. Bibi mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha jikoni, lakini alikitumia bila aibu. Kiingereza changu mimi kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, nami niliitumia hata jioni.

Lilikuwa gauni la jioni, la hariri, rangi ya bibo la njano. Jembamba, refu mpaka chini, halina kifungo hata kimoja. Nililishika likanitoka mkononi kama maji ya kunawa.

"Fundi, hii mzee," Bibi akasema. "Mbele ya vita. Sasa nataka hii."

Akafungua gazeti lenye picha. Nikamwona mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, na chini ya kiuno sketi iliyotanuka kama mwavuli uliofunguliwa. Nikatazama picha, nikatazama gauni.

"Anataka mbuzi awe ng'ombe," mpishi akanieleza. "Kwa ngozi ileile."

Sikushangaa sana, maana ndivyo mambo yalivyokuwa pale. Shamba lao lilikuwa pana na mavuno membamba, na sasa gauni lilikuwa jembamba na lilitakiwa liwe pana. Bibi alikuwa na akili lakini, lazima nikiri. Alileta na gauni la pili, la rangi karibu na ile, lililoungua pasi kifuani, akasema nilikate nitakavyo.

Nilifumua siku mbili. Mwalimu wangu wa hariri ni yule fundi nisiyemjua aliyelishona huko kwao, kwa mkono, mishono midogo kama mayai ya chawa. Ndani ya mishono alikuwa ameacha akiba ya kitambaa upana wa vidole viwili. Sisi barazani tulikata mpaka ukingoni, kinachobaki tunakwenda nacho nyumbani. Yeye alijua kwamba mwili wa mtu hautulii, leo uko hivi, kesho umezaa. Nikaona haya kidogo. Si sana.

Na kitambaa chote alikuwa amekikata mshazari. Leo najua kwamba kitambaa kikikatwa wima kinasimama kama askari, lakini kikikatwa mshazari kinaufuata mwili chenyewe, hakidai vifungo wala mkanda. Siku ile sikujua. Niliona tu kwamba nyuzi zimekwenda upande, nikamhurumia yule fundi, nikadhani siku ile alikuwa mgonjwa.

Nikaacha kifua, nikakata kiunoni, nikaunga sketi ya vipande vinane kutoka lile gauni lililoungua. Likapendeza. Lakini nilipolinyanyua, likaanguka chini laini vilevile, kana kwamba watu kumi wameshalivaa. Mawazoni nilimwona Bibi akilipokea, akilishika, akimtazama mwenye duka. Nikakiona kiti kikiondoka.

Basi nikapika uji wa muhogo. Na kwa kuwa mteja alikuwa Mzungu, na hariri ni kitu cha heshima, nikaupika mzito.

Lilipokauka na kupigwa pasi, niliweka sketi chini barazani, nikaachia mkono, likabaki limesimama. Mwenye duka akatoka, akakuta gauni limesimama peke yake mbele ya duka lake.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu, Bwana."

"Kama hakuna mtu, kwa nini inasimama?"

"Wanga."

Akalizunguka mara moja, akaligonga kwa kidole. Likajibu. Akasema, "Kunja." Tukalikunja sisi wawili, kwa nguvu, kama watu wanaokunja bati.

Dansi yenyewe ilikuwa klabuni kwao Jumamosi, ambako mpishi aliazimwa kupeleka vinywaji. Jumapili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kwa makalio nusu, tayari kuinuka, nikamwona anakuja. Alikuwa anacheka kabla hajafika.

"Mtani, umeua."

"Nimemuua nani?"

"Gauni lako limeingia mlangoni kwanza, ndipo Bibi akaingia nyuma yake."

"Amekasirika?"

"Akasirike wapi! Wenzake wote wamemzunguka. Wanamwuliza ndani ameweka nini, chuma au mifupa ya samaki. Wanaume wanataka kucheza naye, gauni linawazuia hatua mbili. Lilikuwa linawafukuza kama mbwa wa mlangoni."

"Alikaa?"

"Akae na nini? Alisimama mpaka bendi imechoka."

Wiki ile yakaja magauni matano ya hariri na yote yakataka yasimame. Mwenye duka akaninunulia mto wa kukalia. Mimi, ambaye nilikosea kwa woga, nikaitwa fundi wa mitindo.

Sijui ilipita miezi mingapi. Daftari la wakati ule lililowa. Bibi akarudi na gauni, safari hii peke yake, akalitandaza juu ya cherehani. Hariri ilikuwa imekatika. Ilikatika palepale nilipokunja, mkunjo kwa mkunjo, mistari iliyonyooka kama iliyopigwa rula. Mende nao walikuwa wameonja pindo.

Nikasema, "Bibi, kosa langu. Hariri haikutaka uji." Nilijua kwamba nikisema hivyo mwenye duka atasikia, na alikuwa amesimama mlangoni. Lakini kilichokuwa juu ya cherehani kilionekana na kila mtu.

Hakukasirika. Alinionyesha kwa mikono na kwa Kiswahili chake kwamba hariri huoshwa kwa maji baridi, haipigwi wanga, na kama ni ya mshazari hutundikwa kwenye henga siku nzima kabla ya kupinda pindo, mpaka imalize kushuka. Nikauliza kwa nini alikubali kulivaa siku ile, kama alijua. Akatazama upande wa barabara. Trekta moja bovu lilikuwa linavutwa na trekta jingine, nalo likitoa moshi usio wa kawaida.

"Hapa kila kitu simama kwa uji, fundi," akasema. "Mimi zoea."

Nikamwambia mwenye duka kwamba basi na wale Bibi wengine watano wapewe habari. Akauliza, "Wameuliza?" Nikasema hawajauliza. Akasema, "Basi." Sikuwaambia. Hilo limo kwenye daftari, na sijalifuta.

Lile gauni nililitengeneza mara nyingine, maana mtindo ulikuwa umegeuka na sasa walitaka mabega wazi, mikono hakuna, shingo hakuna. Nikaondoa sehemu zilizokatika, nikabakiza kifua na sketi. Sasa fikiri mwenyewe: gauni la kwanza lilining'inia mabegani. La pili lilisimama kiunoni. Hili la tatu sikujua linashikiliwa na nini, nikadhani ni imani. Bibi akasema kifuani hutiwa mifupa ya chuma chembamba. Mimi nikatumia ule ukanda wa chuma unaofungia masanduku ya vipuri vya matrekta, nikaukata, nikaukwangua ncha, nikauvika kitambaa cha marekani usitoe kutu. Ulikuwa umejaa tele. Vipuri vilikuwa havijafanya matrekta yainuke, lakini ukanda wake uliinua kifua cha Bibi miaka miwili bila kuteleza, na hiyo nadhani ndiyo kazi ya kuaminika zaidi iliyofanywa na shehena ile. Huenda naonea.

Baadaye Wazungu wakaanza kuondoka, nyumba baada ya nyumba. Bibi naye akaondoka. Gauni akamwachia mpishi, pamoja na sufuria mbili na kuku.

Sasa mpishi alikuwa na binti, naye alikuwa amewekwa ndani Ruangwa, yuko unyagoni. Mwali akitoka hutolewa na nguo mpya, na watu hukaa kuitazama hiyo nguo kuliko wanavyomtazama mwali. Mpishi akanijia na gauni begani.

"Mtani, mwanangu atatoka na hariri. Ruangwa nzima haijaona. Lakini shangazi yake amesema mabega yafunikwe, shingo ifunikwe, na hivyo vyuma vitoke. Hatumpeleki vitani."

Mwali wa ndani haonekani na mwanamume, seuze fundi. Vipimo vyake vililetwa kwa desturi ya kule, kwenye kamba: fundo la mabega, fundo la kiuno, fundo la urefu. Shangazi alimpima, akafunga mafundo, akamkabidhi mpishi kamba.

Kazi ile niliipenda kuliko zote nilizofanya. Niliiosha hariri kwa maji baridi mpaka uji wote wa miaka ile ukatoka, maji yakawa meupe. Kitambaa cha ile sketi pana nikakifanya mikono na mabega, na nikakikata chote mshazari, kama alivyofanya yule fundi wa kwanza niliyemwita mgonjwa. Nikaacha akiba ya vidole viwili ndani ya kila mshono. Yaani baada ya kulihangaisha gauni miaka yote ile, nililirudisha karibu na lilivyokuja: jembamba, refu, lenye kushuka lenyewe. Ila sasa lilikuwa na adabu.

Likabaki pindo. Nililitundika stoo kwenye msumari siku mbili. Lakini gauni tupu haliteremki kama gauni lenye mtu. Upande mmoja ulishuka, upande mmoja ukabaki, na mimi sikuwa na mwili wa kupimia. Mwali yuko ndani. Kumwomba mke wa mtu, haiwezekani. Nikapima kamba ya mafundo mabegani kwangu. Mimi ni mtu mdogo. Fundo na fundo, tulilingana.

Nikafunga mlango wa stoo, nikalivaa. Kichwa kikapita, mikono ikapita. Nikasimama juu ya debe, nikainama na chaki, nikatia alama pindo lote kuzunguka, nikalivua. Halikukaa mwilini zaidi ya muda wa maji ya chai kuchemka. Niandike na hili, kwa kuwa nimeanza kusema kweli: kabla sijalivua nilisimama kidogo bila kufanya kazi yoyote. Lilikuwa linashuka vizuri mno.

Nikapinda pindo. Sikulipiga wanga. Nililikunja kwa upole, nikamkabidhi mpishi, nikamweleza kuhusu hariri na uji. Akalishika, akalibonyeza. Halikulia. Akalibonyeza tena, akaenda.

Siku ya tatu, asubuhi, baraza imejaa watu wa kutoka mashambani, wakaja wawili. Mkewe mpishi alitangulia, gauni mkononi.

"Fundi, salamu baadaye. Nguo hii nani kaivaa?"

"Mama, hariri haipigwi wanga. Inakatika."

"Sikukuuliza wanga. Nani kaivaa? Nguo mpya gani hii, legelege! Mwanangu aje atolewe na makapi ya dansi za watu?"

Mpishi naye hakuwa anacheka. "Mtani, yule Bibi ulimpa limesimama kama mlingoti, nililiona kwa macho yangu. Leo kwa mwanangu, tambara. Wazungu wapewe muhuri, sisi tupewe mlenda?"

Hilo liliniuma, kwa sababu mtu asiyejua hariri angesema hivyohivyo, na mimi mwenyewe ningesema. Wakati nilipokosea, nilisifiwa. Sasa kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa sawa, na hakukuwa na njia ya kulionyesha hilo.

Mwenye duka akatoka. Akalichukua gauni, akalitikisa karibu na sikio lake. Kimya.

"Fundi. Umevaa?"

Mpishi, ambaye moyoni si mtu mbaya, akanifungulia njia. "Apa tu, mtani. Apa kwamba hujalivaa, sisi tuondoke. Neno lako linatosha."

Watu wote barazani wakageuka. Nilikitazama kiti. Mto ulikuwa umechukua umbo langu. Ningeweza kuapa, watu wameapa kwa mambo makubwa kuliko pindo, na stoo hapakuwa na shahidi. Lakini shahidi alikuwapo, ndiye huyu anayeandika.

"Nililivaa," nikasema. "Stoo. Juu ya debe. Kwa ajili ya pindo."

Nikajaribu kueleza mshazari. Jaribu wewe, mbele ya wauza ufuta, kueleza kwa nini mwanamume mwenye ndevu alivaa gauni la mwali ili kitambaa kimalize kushuka.

"Kumbe!" mpishi akasema. "Mwali ameshatoka, na hatukuitwa! Mtani, ngoma yako ilipigwa wapi?"

"Mwacheni," sauti moja ikasema nyuma, "hakuna kungwi wa kumfunda."

Walicheka mpaka mkewe mpishi, aliyekuja na hasira ya kweli, akakaa chini. Mwenye duka alishika mlango asianguke. Alipomaliza kucheka akafuta macho.

"Fundi, siku ya kwanza mimi nilisema nini?"

"Nikivaa, nakwenda."

"Siku gani?"

"Siku hiyohiyo."

"Basi," akasema, kwa masikitiko kidogo. Alinipa chai kwanza. Hilo lazima liandikwe. Na sitasema alinionea, sheria ilikuwa moja na nilikuwa nimeisikia mara mbili.

Kilichotokea Ruangwa nilihadithiwa. Mkewe mpishi alilipiga wanga yeye mwenyewe, uji mzito, akalikunja mikunjo ya kuonekana. Mwali akatoka nalo limesimama, vigelegele vikapigwa. Jirani mmoja aliyekuwapo aliniambia kwamba mwali alipopiga magoti kuamkia wazee, gauni lilikatika kwenye mikunjo, mbele na nyuma, na mlio ukasikika. Lakini jirani huyo anapenda kunifurahisha, kwa hiyo naandika nusu: lilikatika mbele.

Nikarudi Mbekenyera kwenye jembe. Ilinichukua misimu mingi kupata cherehani yangu, na kiti nikatengeneza mwenyewe kwa mti wa mkorosho. Hapa napiga wanga kila kitu, kanzu, kaptura, hata leso, wateja wanaikunjua, inalia, wanaridhika. Akiba ya vidole viwili naiacha ndani ya kila mshono. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni ya nini.

Hariri haijaletwa tena. Ikiletwa, kabla sijashika mkasi, nitamwambia mwenye nayo kwamba haitasimama, na kwamba kuna siku moja nitaivaa. Akikubali, nitafunga mlango.